Njia kuu au mchepuko? Kushuka Virginia kwa I-81, US 11 au kule juu mlimani, na wese linaliwa wapi zaidi

#1 Kiberenge
Wakuu, habari. Swali ni la wanaoendesha huku Marekani, hasa Virginia, ila mwenye hoja yoyote karibu.

Kutoka Winchester kushuka hadi Bristol kuna njia tatu zinazokwenda karibu sambamba. Ya kwanza ni I-81, haiwei yenyewe, kibao cha mwendo ni 70 sehemu nyingi (maili kwa saa), malori mbele na nyuma. Ya pili ni US 11, barabara ya zamani inayokata katikati ya kila mji. Mara nyingi ukiwa juu yake unaiona I-81 kwa macho. Ya tatu iko juu mgongoni mwa mlima: Skyline Drive, ndani ya hifadhi ya taifa ya Shenandoah, kuanzia Front Royal, na inapoishia ndipo inapoanza Blue Ridge Parkway.

Madai yangu: gari la kawaida la silinda nne linakula kidogo US 11 kuliko I-81, pamoja na taa zote za mijini. Sedani inayotoa maili 31 kwa galoni kwenye haiwei inafika 36 kwenye njia ya zamani. Wengi wanabisha, wanasema barabara ya kusimamasimama lazima ile zaidi. Nani ana maelezo ya kueleweka?

Na la pili: wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Dulles mwezi wa kumi, mwisho wa safari ni Knoxville, Tennessee, siku mbili zipo. Anayezijua njia hizi aseme wapi pa kuingia na wapi pa kutoka.

#2 Pweza Mkavu
Michepuko si dili mkuu, baki njia kuu.

#3 Bi Mwendo
#2 umewahi kweli. Tuache wanaojua waje.

#4 Kanuni ya Tatu
Jibu la mafuta ni upepo, basi. Nguvu ya hewa inayolikinza gari inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 50 kwenda 70 mwendo umeongezeka kwa asilimia 40, ila ukinzani wa hewa umekaribia mara mbili (70 gawa kwa 50, kisha mraba, unapata 1.96).

Tuweke namba. Sedani ya kilo 1,600, eneo la kukata hewa likishazidishwa kwa umbo lake tuseme 0.65. Kwa mwendo wa 70 hewa inasukuma nyuma kwa karibu niutoni 380. Kwa 50 ni 195. Tofauti hiyo ukiibeba kilomita 530 ni megajuli 99 hivi. Lita ya petroli ina megajuli 32, injini inatumia asilimia 30 kusukuma gari, zilizobaki ni joto. Kwa hiyo lita 10 umeziokoa kwa kupunguza mwendo tu.

Sasa hasara ya taa. Kusimama kutoka mwendo wa 35 na kurudi tena kwenye 35 kunagharimu kama mililita 20. Simama mara 60 njia nzima, hiyo ni lita 1.2. Taa haziwezi kushindana na hewa.

#5 Semi Kumi na Nane
Hesabu ya #4 nzuri, ila inadhani watu wanakwenda 70 mfululizo I-81. Hawaendi. Sehemu kubwa ni njia mbili kila upande, na lori la tani 36 likipanda kuelekea Christiansburg linashuka hadi 40, lingine linajaribu kulipita kwa 43, na gari dogo lote linapanga foleni nyuma yao. Wastani halisi ukitoka Winchester ni 60 na kitu. Mnapiga hesabu ya barabara tupu ambayo haipo.

#6 Fundi Spana
Na kuna kitu #4 kakiruka. Injini haitoi asilimia 30 muda wote. Ikibebeshwa mzigo mdogo, mwendo wa 40 kwenye tambarare, kipepeo cha hewa kinakuwa karibu kimefungwa na injini inapoteza nguvu kwa kuvuta hewa kwa shida. Inashuka hadi 20 au 25. Ndiyo maana mahesabu yanasema lita 10 na gari linaonyesha pungufu.

Chukueni namba za mwenye uzi: maili 330, kwa 31 unachoma galoni 10.6, kwa 36 unachoma 9.2. Tofauti ni kama lita 5 na nusu. Toa lita 1.2 za taa kwenye 10 za #4, unabaki na karibu 9. Lita 3 na zaidi zimepotelea wapi?

#7 Nyuki wa Nairobi
Ziko kwa AC. US 11 unatumia karibu masaa manne zaidi barabarani. AC inafanya kazi kwa masaa, haihesabu maili. Nusu lita kwa saa, hizo ni lita mbili tayari.

#8 Fundi Spana
#7 mwezi wa kumi Virginia asubuhi ni nyuzi 8 za Selsiasi mkuu, AC ya nini?

#9 Nyuki wa Nairobi
Ya kuondoa ukungu kwa kioo, boss. Ukiwasha ya kioo cha mbele compressor inaingia kwa magari mengi hata wakati wa baridi.

#10 Ramani Mkononi
Niache mafuta kidogo, nijibu swali la pili la mwenye uzi, maana watu wanapotea hapa.

Kwanza, namba za barabara. Shirikisho wana mifumo miwili. Barabara za US ni za 1926, haiwei za "I" zilikuja na sheria ya 1956 wakati wa Rais Eisenhower. Witiri ni kaskazini-kusini, shufwa ni mashariki-magharibi, kote kuwili. Kinachogeuka ni upande wa kuanzia kuhesabu: US 1 iko pwani ya mashariki, I-5 iko pwani ya magharibi. Ndiyo maana I-81 na US 11 ziko bonde moja japo namba zinaonekana za mbali.

Pili, ndani ya Virginia barabara ya namba 600 na kuendelea ni ya daraja la pili, za vijijini. Nyingi zina lami nzuri, nyingine ni kokoto, nyingine zina daraja la kupita gari moja. Hili ndilo linalowaponza wanaobonyeza "epuka haiwei" kwenye programu ya ramani. Programu haikupeleki US 11, inatafuta njia fupi kuliko zote isiyo haiwei, na fupi hiyo inapita kwenye hizo za 600. Dawa: weka vituo vya katikati kwa majina ya miji. Strasburg, New Market, Staunton, Lexington, Buchanan, Salem, Radford, Pulaski, Marion, Abingdon. Gawa safari mara mbili ili orodha isijae. Na pakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka, juu mlimani mtandao unakatika.

Tatu, namba za kutokea I-81 ni maili kutoka mpaka wa Tennessee. Winchester ni 313. Ukiona 150 ujue umebakiza maili 150 kufika Bristol.

#11 Bi Mwendo
Nyongeza kwa #10: msisahau kwamba ya juu mlimani inalipiwa.

#12 Ramani Mkononi
Dada, nusu kweli. Skyline Drive ndiyo inayolipiwa, dola 30 kwa gari, tiketi inadumu siku saba. Blue Ridge Parkway ni bure mwanzo hadi mwisho, haina hata geti.

#13 Mjukuu wa Reli
Parkway ilijengwa 1935 wakati wa Rais Roosevelt kuwapa watu kazi. Maili 469. Barabara ya miaka tisini mnaipeleka gari la kukodi?

#14 Ramani Mkononi
#13 ilianza 1935. Kumalizika ni 1987, walipofungua kipande cha mwisho, daraja la Linn Cove kule North Carolina, vipande 153 vya zege vilivyowekwa kimoja kimoja ili wasiukate mlima. Miaka 52 ya ujenzi. Lami yenyewe haina shida, shida ni hali ya hewa.

#15 Semi Kumi na Nane
Na shida ni maporomoko. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilibomoa upande wa North Carolina vibaya sana. Mpaka I-40 kwenye korongo la mto Pigeon ilikatwa, ikafunguliwa Machi 2025 kwa njia moja kila upande. Parkway wanaifungua kipande kwa kipande. Kabla ya kupanga kitu chochote kusini ya mpaka wa Virginia, ingia ukurasa wa Parkway yenyewe usome orodha ya kilomita, samahani, ya maili zilizofungwa. Iko wazi kabisa: maili fulani hadi fulani, imefungwa au iko wazi. Programu za ramani si za kuamini kwa hili.

Halafu wenzangu wenye malori: Parkway gari la biashara haliruhusiwi. Skyline pia. Hata kama trela ni tupu.

#16 Mama Kisosora
Nauliza, na gari la nyumba, yale makubwa ya kulala ndani? Kuna kijana wetu anataka kukodi.

#17 Ramani Mkononi
Shikamoo mama. Linaruhusiwa, ila lipimwe urefu wa kwenda juu, pamoja na kiyoyozi kilichoko darini. Skyline kuna handaki la Mary's Rock, maili ya 32, kusini tu ya geti la Thornton Gap. Kimo chake ni futi 12 na inchi 8. Parkway ina mahandaki 26, moja tu liko Virginia, 25 yako North Carolina, na vimo vinatofautiana. Vilevile kimo kinachoandikwa ni cha katikati mara nyingi. Ukingoni tao linashuka. Asiegemee bega la barabara akiwa ndani.

#18 Mama Kisosora
Marahaba mwanangu, asante.

#19 Fundi Spana
Tukishafika mlimani tuongee breki, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapoharibu magari.

Gari la kukodi ni otomatiki, dereva anaacha D, anakanyaga breki mteremko mzima. Pedi zinapata moto, joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishanyonya unyevu inachemka 140. DOT 4 ni 230 mpya, 155 ikiwa na maji. Gari la kukodi lenye miaka mitatu hujui lina nini. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kirahisi, na pedali inakwenda hadi chini bila gari kushika.

Dalili zinakuja kwa mpangilio: harufu kama ya nguo iliyoungua, kisha pedali inakuwa laini, kisha unaanza kukanyaga zaidi kupata kilekile. Kwenye harufu tayari umechelewa. Ingia maegesho ya kutazamia bonde, yapo karibu kila maili mbili, na usibaki umekanyaga pedali gari likiwa limesimama, utachoma alama kwenye diski. Weka P. Usimwagie maji.

Namna sahihi: kabla ya mteremko weka gia ya chini. Yenye L au S tumia hiyo, Toyota za haibridi zina B, nyingine zina vibonyezo nyuma ya usukani. Mwendo ukipanda juu ya 45 kanyaga breki kwa nguvu kidogo, punguza hadi 38, achia kabisa. Kanyaga na achia. Usigusegusege muda wote.

#20 Pweza Mkavu
Kwa hiyo mchepuko unapandisha joto na pedali inakuwa laini. Nilisema mimi.

#21 Bi Mwendo
Moderator yuko wapi.

#22 Mkongomani wa Louisville
Bandugu, mambo ya polisi hamuyasemi. Virginia ni kali. Ukipita kibao kwa maili 20, ao ukiwa juu ya 85 popote, ile si faini ya kawaida, ni kosa la jinai. Inaweza kufika dola 2,500 na hata miezi 12 ya jela. Na ile mashine ya kugundua rada katika gari, hapa ni marufuku, hata kama katika jimbo lako inaruhusiwa. Wanayo haki ya kukuandikia kwa kuwa nayo tu imewaka.

Kwa US 11 hatari ni namna kibao kinashuka haraka: 55, 45, 35, 25, ndani ya maili moja, na tochi iko palepale kwa 25. Kwa kibao cha 25 maili 20 zaidi ni 45 tu! Mtu aliyetoka 55 na hajapunguza tayari ni mhalifu.

#23 Kanuni ya Tatu
#22 umesema jambo zito. Ongeza basi la shule. Likiwasha taa nyekundu na kutoa kile kibao cha kusimama, wote mnasimama, waliomo nyuma yake na wanaokuja mbele. Msamaha upo tu kama katikati kuna kizuizi au ukanda usio na lami. US 11 sehemu nyingi ina mstari tu au njia ya katikati ya kukatia kushoto. Hiyo si kizuizi. Kulipita basi ni kosa la daraja lilelile la jinai. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu mchana, chukulia kwamba kila kona ina basi.

Na wiper zikiwaka, taa ziwake. Ni sheria Virginia.

#24 Kiberenge
Shukrani wakuu, nanakili. #22 Louisville hadi huku mnapita wapi?

#25 Mkongomani wa Louisville
I-64 hadi West Virginia, tunaingia bonde pale Lexington, ndiyo hiyohiyo inaungana na 81. Kuna familia za kwetu Harrisonburg na Roanoke.

#26 Tairi la Akiba
Mimi kwenye zile lita tatu za #6 naleta upepo wa tairi. Kwa kila nyuzi 10 za Farenihaiti zinazoshuka, tairi linapoteza kama psi 1. Anayejaza mchana Dulles na kuondoka alfajiri ana psi 2 au 3 pungufu, na hilo linaonekana zaidi kwenye mwendo mdogo, maana hapo msuguano wa tairi ndio sehemu kubwa ya mzigo. Kwa 70 hewa inauficha.

Kuhusu mlimani watu husema tairi litafura kwa sababu hewa ya nje imepungua. Kweli, futi 3,000 juu kipimo kinapanda kama psi 1.5. Ila kule juu pia kuna baridi, nyuzi 16 za Farenihaiti pungufu hivi, ambazo zinashusha psi 1.6. Zinafutana. Usiguse kitu. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa, si ya kujazia.

#27 Kanuni ya Tatu
Nakubali tairi, ila haifiki lita tatu. Psi 3 ni asilimia moja hivi ya mafuta, hata lita nusu haifiki. Nabaki na #6, ufanisi wa injini.

#28 Semi Kumi na Nane
Na mimi nabaki na la kwangu: lita tatu hazikupotea, hazikuwahi kuwepo. Punguzeni ile 70 iwe 63 kwenye hesabu ya #4 muone.

#29 Fundi Spana
Nimeiweka 63. Ukinzani unashuka hadi niutoni 309, tofauti na ya 50 ni 114, mara kilomita 530 ni megajuli 60, lita 6.3. Toa taa, 5.1. Inakaribia kabisa namba za mwenye uzi.

Ila basi hapo hakuna nafasi ya ufanisi wa injini kushuka, wala AC, wala tairi, na hivyo vitu vipo. Tumeziba tundu moja tumefungua jingine.

#30 Mtu wa Bondeni
Wote mmesahau mwinuko. Winchester iko kama futi 725 juu ya usawa wa bahari, Bristol ni karibu 1,680. Katikati Wytheville ni zaidi ya 2,200. Kushuka kusini ni kupanda, jina linadanganya. Je, mwenye uzi alipima 31 akienda kusini na 36 akirudi kaskazini? Kama ndivyo, uzi wote huu tunapima mlima.

#31 Kiberenge
Zote mbili kusini.

#32 Kanuni ya Tatu
Hata ingekuwa vinginevyo: futi 955 ni mita 290. Kilo 1,600 mara 9.81 mara 290 ni megajuli 4.6, karibu nusu lita. Kwenda na kurudi tofauti ni lita moja. Si kidogo, si nyingi.

#33 Mtu wa Bondeni
Na upepo wa bondeni? Milima miwili inauelekeza kama bomba. Upepo ukitoka kusini-magharibi kwa maili 15 kwa saa unaukabili njia nzima. Wewe kwa 70 gari linaona 85, kwa 50 linaona 65. Uwiano wote wa #4 unabadilika. Bila kuandika upepo wa siku ile, hizi namba ni mazungumzo.

#34 Nyuki wa Nairobi
Kabla ya hayo yote, alipimaje? Skrini ya gari inadanganya kwa asilimia kadhaa. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Sukuma tripu iwe sifuri. Maliza safari, jaza tena, pampu ikate mara ya kwanza. Maili gawa kwa galoni za risiti. Na hata hapo, pampu mbili hazikati mahali pamoja, nusu galoni inaweza kupotea kwenye shingo ya tangi kwa sababu tu gari limeegeshwa kwa mteremko. Kwa galoni tisa hiyo ni kosa la asilimia tano. Tofauti yenu nzima ni asilimia 16.

#35 Fundi Spana
#34 hapo umetushika.

#36 Ramani Mkononi
Wakati mnapigana na niutoni, mpango wa siku mbili huu hapa. Nimeuchanganya makusudi, njia moja mwanzo hadi mwisho ni ya wabishi.

Siku ya kwanza. Toka Dulles kwa barabara ya 28 kusini, ingia I-66 magharibi. Jihadhari na njia za kulipia za I-66, zimetenganishwa na zina mabango yake. Ukibaki zile za kawaida nje ya barabara ya mzunguko ya Washington hulipi. Toka namba 6, Front Royal. Jaza mafuta hapo. Ingia Skyline kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu wikiendi za mwezi wa kumi watu wanakuja kuona majani yakibadilika rangi na foleni ya geti inakula saa nzima. Ikiwezekana iwe Jumanne au Jumatano.

Usiende maili zote 105. Kibao ni 35, hayo ni masaa matatu bila kusimama hata mara moja. Teremka Swift Run Gap, maili ya 65, kwa US 33 kwenda Harrisonburg. Umeshaona sehemu ya juu zaidi na Big Meadows, maili ya 51, ambako kuna pampu pekee ndani ya hifadhi. Kuanzia Harrisonburg shika US 11 hadi Staunton au Lexington, lala.

Siku ya pili. US 11 kutoka Lexington. Natural Bridge barabara yenyewe inapita juu ya daraja la mwamba, wala huoni kitu ukiwa ndani ya gari, lazima uegeshe na kulipia ndipo ushuke kulitazama kutoka chini, futi 215. Endelea hadi Buchanan. Hapo ingia I-81 uvuke Roanoke, Salem na Christiansburg, kwa sababu US 11 mle ni taa, maduka na taa. Rudi njia ya zamani Wytheville, nenda Marion, Abingdon, Bristol. Bristol State Street mpaka wa majimbo uko katikati ya mtaa. Baada ya hapo US 11 inagawanyika mbili, 11W ya Kingsport na Rogersville, 11E ya Johnson City, Jonesborough na Greeneville. Kama jua bado lipo chukua 11E. Kama limezama rudi I-81, inakwenda kuungana na I-40 kabla ya Knoxville. Paa wengi usiku, na Oktoba hadi Desemba ndio msimu wao wa kukimbizana.

#37 Bi Mwendo
Ningeondoa Skyline kabisa kama kuna watoto. Kona zile wanatapika. Au wakae mbele kwenye dirisha la wazi, tangawizi mdomoni, na simu zote zizimwe.

Na ukungu: Rockfish Gap, pale Skyline inapokutana na Parkway, ndio mlima wa Afton. I-64 pale wameweka taa ndani ya lami yenyewe kwa ajili ya ukungu. Hiyo inakuonyesha kukoje.

#38 Semi Kumi na Nane
Mpango wa #36 mzuri, ila una kosa moja la kimkakati. Mnadhani US 11 ni tulivu. Ajali ikifunga I-81, malori yote yanateremshwa US 11, ndiyo njia ya dharura. Mji wenye taa mbili unapokea haiwei nzima. Angalieni 511 ya Virginia, huduma ya taarifa za barabara, kabla ya kuacha njia kuu. Ikionyesha ajali kati ya namba mlizopo, bakini hukohuko I-81 msubiri, au vukeni mlima muende upande wa pili kabisa.

#39 Mjukuu wa Reli
Hivi anayetaka Parkway badala ya Skyline, mafuta anajaza wapi? Nasikia hakuna pampu.

#40 Ramani Mkononi
Hakuna hata moja kwenye maili 469. Unashuka kwenye makutano: US 60 maili ya 45 kwenda Buena Vista, US 460 au US 220 kwa Roanoke, maili ya 105 na 121, US 58 Meadows of Dan maili ya 177, US 52 Fancy Gap maili ya 199. Ukifika nusu tangi shuka, usisubiri taa. Maili zimeandikwa kwenye nguzo ndogo pembeni, na kila kitu kule kinaelekezwa kwa nguzo hizo.

#41 Kiberenge
Swali la mwisho kutoka kwangu. #36 umesema niingie I-81 hadi Wytheville. Ramani inaonyesha pale niko I-81 kusini na I-77 kaskazini kwa wakati mmoja. Ni kosa la ramani?

#42 Semi Kumi na Nane
Si kosa. Kati ya kutokea namba 81 na 72 barabara ni moja ina majina mawili yanayokinzana, maili tisa. Lami inaelekea magharibi, ndiyo maana kila moja ina sababu yake. Wewe fuata bango la Bristol. Ukifuata la Charleston kwenye 72 utapita handaki na kujikuta West Virginia.

#43 Tairi la Akiba
Turudi kwenye wese. Hakuna aliyeuliza kama pampu zote mbili zilikuwa na ethanoli. Petroli ya kawaida hapa ina asilimia 10, inapunguza nguvu kwa kama asilimia 3. Vituo vya vijijini, vingi viko US 11, huuza pia isiyo na ethanoli, na kibandiko kipo kwenye pampu. Mkuu, ulijaza ipi?

#44 Nyuki wa Nairobi
Asilimia 3 jumlisha 5 yangu ya pampu ni 8. Nusu ya tofauti imekwisha na hatujagusa upepo wa #33.

#45 Kanuni ya Tatu
Makosa hayajumlishwi hivyo, #44. La pampu linaweza kwenda upande wowote. Unaweza kukuta tofauti halisi ni kubwa kuliko 16.